Karatasi Iliyokataa Maziwa

Aliyetukanwa siku ile alikuwa mjomba wake, lakini aliyerudi nyumbani na jeraha alikuwa Barwako.

Ilikuwa barazani, uwanjani mbele ya ofisi ya chifu, Garsen. Wafugaji walikuwa wameketi chini, fimbo zimelala magotini, wakimsikiliza mwenyekiti wa kamati ya mradi wa dawa za mifugo aliyetoka Nairobi. Walikuwa wamekwisha kumweleza yote. Tangu gharika ya El Nino kupungua, vichaka vilivyoota kandokando ya Mto Tana vimejaa mbung'o. Mbung'o huleta gandi, ule ugonjwa unaomkausha ng'ombe huku bado anakula, hadi mbavu zinamtoka na manyoya ya mkia yanadondoka. Zamani, mradi ukileta dawa nyekundu, ng'ombe alidungwa sindano na haukupita muda yu malishoni. Sasa anadungwa, anainuka kidogo, kisha analala chini na hainuki tena.

"Dawa ni nzima," mwenyekiti alisema. "Tumeipima Nairobi. Tatizo ni nyinyi. Mnatia maji ili chupa moja itibu zizi zima."

Galgalo, mjomba wake Barwako, alisimama. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia sukari na majani, lakini siku ile alikitafutia miguu. "Mimi maji natia kwa chai," alisema. "Kwa dawa, hapana."

"Basi labda ng'ombe wako unawadunga chai."

Makarani walicheka. Galgalo alibaki wima, akingoja mtu aseme neno la kumkinga, na neno halikuja. Akaketi. Kwa Muorma, kuambiwa mbele ya marika wake kwamba amewapunja ng'ombe wake mwenyewe ni sawa na kuambiwa amemnyima mwanawe maziwa. Mwenyekiti hakujua alichokisema. Alifunga mkutano kwa kuahidi kwamba kamati itarudi Alhamisi ya wiki ya pili, na kama wafugaji hawatakuwa wamekiri, dawa haitaletwa Garsen tena mpaka wajifunze uaminifu.

Barwako alikuwa amesimama nyuma kabisa, mtandio wake ameuuma kwa meno. Alikuwa na shahada ya sayansi, mpya, ambayo mama yake, Abdia, aliihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni kwa kuihofia vumbi. Yote aliyosoma, aliyasoma kwa ajili ya watu waliokuwa wameinamisha vichwa pale uwanjani. Na siku ile shahada ilikuwa ndani ya nailoni, naye hakuwa na neno.

Kituo cha utafiti alichofanyia kazi kilikuwa nyumba ya matofali nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya Tarasaa, yenye jenereta iliyokohoa zaidi ya ilivyonguruma. Mkuu wa kituo alikuwa Daktari Shamsudin, mtu wa Kipini, mwembamba, mpole, ambaye hakuwahi kupandisha sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Barwako alimkuta akimenya chungwa.

"Daktari, naamini vimelea vya gandi vimebadilika," alimwambia. "Naamini dawa nyekundu haiviui tena."

"Imani, mwanangu, ipeleke msikitini. Hapa lete ushahidi."

"Si wewe mwenyewe uliyemdunga ng'ombe wa Mjomba? Chupa ilikuwa imefungwa, ukaifungua kwa mkono wako. Na bado aliugua."

"Nilimdunga, aliugua, nikaiandikia kamati. Unajua walinijibu nini? Kwamba dawa ilimponya, kisha akaumwa na mbung'o wengine." Alimpa kipande cha chungwa. "Na huwezi kusema ni uongo. Mbung'o hawana haya. Ukitaka kuwanyamazisha watu wale, itabidi ukionyeshe kimelea chenyewe kimefanya nini ndani yake."

"Na panya?"

"Tuwaambukize panya, tuwape dawa, tuwangoje? Tutafanya, na tumekwisha kuanza. Lakini kipimo hicho ni cha miezi miwili. Kamati haikupi miezi miwili."

Barwako alijua ni wapi pa kutazama. Dawa nyekundu ina namna yake ya kuua. Ndani ya kila kimelea mna uzi mrefu wa DNA, ambao juu yake yameandikwa maagizo yote ya uhai wake. Dawa hujipenyeza katika uzi huo, ikaung'ang'ania hadi ukakatika, na kimelea kikafa. Lakini hakuna kiumbe hai kisicho na mafundi wake. Kuna vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kuupitia uzi ule bila kuchoka, kutafuta palipoharibika, kukikata kipande kibovu na kuunga upya. Kimojawapo Barwako alikuwa amekisoma kwa miaka miwili, akakizoea hata akawa anakiita "fundi", kama mtu anayemsema jirani. Shaka yake ilikuwa kwamba vimelea vya ng'ombe wa Galgalo vimejaza mafundi. Dawa inakata, fundi anaunga, ng'ombe anakufa, na mwenye ng'ombe anaitwa mwongo.

Fundi huyo haonekani kwa darubini. Wa kumtafuta ni kingamwili, wale askari ambao mwili huwaunda dhidi ya kila mgeni anayeingia kwenye damu. Na askari hao walikuwapo tayari. Miezi kadhaa nyuma Daktari Shamsudin alipata kwa rafiki zake kimeng'enya kile kikiwa safi, hakikuchanganyika na kitu, wakamdunga nacho mbuzi. Mwili wa mbuzi uliunda kingamwili za koo nyingi, kila ukoo ukijua kumshika fundi mahali pake, huu begani, huu kisiginoni, huu ukosini, hata asiwe na pa kuponyokea. Ili mbuzi yule asiwahi kuonja gandi na kuwachanganya, alilelewa ndani ya chandarua tangu kuzaliwa, na wapita njia wa Garsen walisimama kumtazama na kuulizana harusi ni lini.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya mikono, na mikono ilikuwa miwili zaidi ya yake: Lois, mwenzake wa maabara, Mpokomo wa Golbanti, mcheshi, aliyeweza kuimba tenzi za kanisa na kupima dawa kwa pipeti bila kukosea kimoja. Walivisaga vimelea, wakavitia kwenye jeli, na umeme ukazivuta protini zake, ndogo zikikimbia mbele na kubwa zikijikokota nyuma. Kisha wakazihamishia kwenye karatasi nyeupe, laini kama ganda la kitunguu.

Karatasi ile ina njaa. Protini yoyote ikipita, inaidaka. Ukiimwagia kingamwili hivi hivi, zitanata kila mahali, zinapotakiwa na zisipotakiwa. Kwa hiyo kwanza huwa inalishwa ikashiba, na chakula chake ni maziwa. Ikishashiba unaipa maji ya damu ya mbuzi, na kingamwili zake zinakwenda kumtafuta fundi peke yake. Mwisho unaipa kingamwili ya pili, ya kununua, iliyofundishwa kuitambua kingamwili ya mbuzi na kubebeshwa kiamsha-rangi. Hiyo ikisimama mahali na ukatia rangi, hapo pana mstari wa zambarau. Mstari mmoja mahali pamoja: fundi huyu hapa.

Nairobi alikosomea, walipokuwa wakitumia damu ya sungura, karatasi ilishibishwa kwa maziwa ya unga ya mkebe. Barwako alipofika kwenye hatua hiyo hapa Garsen alicheka peke yake. Mkebe? Yeye, binti ya Abdia, anunue maziwa ya mkebe dukani? Mama yake alimletea kibuyu kila asubuhi, maziwa mapya yenye harufu ya moshi. Barwako aliyaengua mafuta, akaimwagia karatasi kwa mkono wa ukarimu, kama anayemkaribisha mgeni.

Karatasi yote ikawa zambarau. Haikuwa na mstari wala doa. Ilikuwa zambarau pembe kwa pembe, kama ulimi wa mtoto aliyeshinda juu ya mzambarau.

Lois aliiinua kwa koleo, akaitazama mwangani. "Umetengeneza kanga, dada. Imebaki jina tu. Tuandike nini?"

"Andika: Nilitafuta fundi, nikapata rangi."

Walicheka. Mara ya pili walicheka kidogo. Barwako alipunguza damu ya mbuzi, karatasi ikawa zambarau. Akaiosha muda mrefu zaidi, ikawa zambarau. Aliipunguza damu tena, akaosha tena, akaongeza maziwa ili ishibe vizuri zaidi, na hapo ndipo ikakolea kuliko zote. Alianza kumshuku mbuzi. Alikwenda akasimama nje ya chandarua akamtazama usoni, kana kwamba angeungama. Mbuzi alitafuna.

"Siwezi kuwapelekea kanga, mwanangu," Daktari Shamsudin alisema Jumatatu, kwa upole ule ule, na upole wake ukamchoma kuliko ukali. "Nitawaambia bado hatuna kitu. Ndiyo kweli, na kweli haitiwi chumvi."

Siku hiyo hiyo kibuyu cha maziwa hakikuletwa na Abdia. Kililetwa na Galgalo mwenyewe. Alisimama mlangoni pa maabara, hakutaka kuingia na viatu vyake vya tairi.

"Mama yako anakusalimu," alisema kwa Kiorma. "Na mimi nimekuja kukuaga. Alhamisi sitakuwapo. Nahamisha ng'ombe waliobaki."

"Kwenda wapi, Mjomba? Kila mahali kuna mbung'o."

"Najua. Lakini mbung'o hanicheki."

"Kamati inakuja. Usipokuwapo watasema umekimbia."

"Na nikiwapo watasema nini? Nikae chini tena, watoto wa juzi wanicheke meno nje?" Alikitua kibuyu sakafuni taratibu. "Barwako, mimi sikusoma. Lakini nimekaa na ng'ombe tangu sijajua kuvaa nguo. Kama mtu akisema sijui, nitakubali. Akisema nimewaibia ng'ombe wangu, nikimsikiliza mara ya pili nitakuwa nimekubali."

Barwako alitaka kumwahidi. Neno lilikuwa mdomoni, tamu, tayari. Akalimeza, maana hakuwa na cha kuliegemeza. "Nipe mpaka Jumatano," alisema. "Usihame kabla ya Jumatano."

Galgalo alitikisa kichwa kwa namna isiyokuwa ndiyo wala siyo, akaenda zake.

Lois alikiokota kibuyu. Alikuwa amesikia yote. Kiorma chake kilikuwa kibovu kwa kusema na kizuri kwa kusikiliza ya wengine. Alijua kwamba mtu aliye karibu kulia hasaidiwi kwa kubembelezwa. "Haya, chakula cha karatasi kimefika," alisema. "Nyinyi Waorma! Chai, maziwa. Ugali, maziwa. Mtoto akianguka, maziwa. Sasa hata sayansi mnainywesha. Siku moja mtamwosha maiti kwa maziwa."

"Na nyinyi Wapokomo mnamwosha na supu ya samaki."

"Heri supu ya samaki. Imewahi kugeuka zambarau?"

Barwako aliacha mzaha. Alikuwa akikitazama kibuyu.

Ndani ya maziwa kuna nini? Mafuta, aliyaengua. Sukari, si kitu. Protini, ndizo alizozitaka. Na kati ya protini hizo, katika maziwa mabichi yaliyotoka chuchuni asubuhi ile, kuna kingamwili za ng'ombe mwenyewe, anazomrithisha ndama wake. Kila ndama wa Kiorma anakua nazo, na kila mtoto wa Kiorma pia. Na kingamwili ya pili, ile ya kununua, ilifundishwa kumtambua mbuzi. Je, ilifundishwa kwamba ng'ombe si mbuzi?

Nairobi jambo hili halikumpata kwa sababu kule ya pili ilifundishwa kumtambua sungura, na sungura ni mtu wa mbali. Ng'ombe na mbuzi wote wanacheua, wote wana kwato mbili. Ni ndugu wa damu.

"Lois," alisema polepole, "tusiilishe karatasi kitu. Tuioshe kwa sabuni ya maabara tu, inatosha kuizuia isidake kwa muda mfupi. Hapa tia tone la damu ya mbuzi. Hapa tia tone la maziwa. Kisha moja kwa moja kingamwili ya pili."

Waliketi wakaitikisa trei kwa zamu, huku jenereta ikikohoa nje. Walipotia rangi, tone la damu ya mbuzi likaanza kugeuka, kama ilivyotarajiwa. Tone la maziwa likaanza kugeuka pamoja nalo. Yakaenda sambamba, bega kwa bega, hadi yakawa macho mawili ya zambarau yakiwatazama.

"Ala!" Lois alisema. "Kumbe ni maziwa ya mama."

Barwako aliinamisha kichwa mezani akacheka mpaka machozi yakamtoka, na katikati ya kicheko Lois hakuweza kujua kama bado ni kicheko. Siku zote zile alikuwa akimtuhumu mbuzi, tena mbuzi asiye na hatia, na mkosaji alikuwa akiingia kila asubuhi ndani ya kibuyu, akikaribishwa kwa mikono miwili. Kadiri alivyoilisha karatasi kwa ukarimu, ndivyo alivyoizamisha.

"Sasa tuilishe nini?" alisema, akijifuta. "Kitu chenye protini, kisicho cha ng'ombe, kisicho cha mbuzi, kisicho cha kondoo. Ute wa yai."

"Yai la nani? Kideri kimefagia kuku wote kuanzia hapa mpaka Kulesa. Hukumbuki? Mwenye kuku leo Garsen ni tajiri." Uso wa Lois ukaanza kunawiri taratibu, kwa ubaya. "Lakini kuna kiumbe kimoja kilicho mbali na ng'ombe kuliko wote. Hakina kwato, hakicheui. Hata hewa yenu hakivuti."

"Usiseme."

"Nasema."

"Lois, usiseme."

"Samaki!"

Na Barwako alijua ni kweli, na ndiyo sababu alikuwa akimzuia. Alikumbuka kusoma kwamba kuna maabara za ng'ambo zinazoishibisha karatasi kwa ute wa ngozi ya samaki. Alipousoma ukurasa ule aliufunua haraka, kwa kinyaa. Kwao samaki alikuwa nyoka wa majini, na mtu aliyekula samaki hakupewa kibuyu cha maziwa kushika. Kumla hakuwahi kumla, na kumgusa pia hakuwahi.

Asubuhi Lois alirudi kutoka sokoni na kambare wawili wa Mto Tana, weusi, wenye masharubu. Akawachuna nyuma ya kituo. Ngozi alizitia kwenye sufuria, akapuliza moto, na harufu ikaenda kuamsha paka wa mtaa mzima.

"Njoo ukoroge, msomi."

"Nitakoroga nikiwa mbali."

"Mwiko hauna urefu huo. Njoo! Hata Daktari anatazama."

Daktari Shamsudin, ambaye kwao Kipini samaki ni salamu, alikuwa dirishani na hakuficha furaha. "Koroga, mwanangu. Elimu ni bahari, na bahari ina samaki."

Barwako alijifunga mtandio puani, akakoroga. Walichuja mara tatu kwa kitambaa safi, wakapoza. Ikawa uji mwepesi, mng'avu, ulioganda kidogo ukiachwa. Walijaribu kwanza kwa tone moja kwenye karatasi, na tone halikugeuka rangi. Lilibaki jeupe. Samaki na mbuzi hawakujuana.

Basi wakaanza upya, kwa makini ya mtu anayevuka mto wenye mamba. Kwenye njia ya kwanza ya jeli walitia kimeng'enya safi, ili fundi ajulikane anasimama wapi. Ya pili, vimelea vya ng'ombe wa Kulesa aliyedungwa dawa nyekundu akapona, vilivyotolewa kabla ya kudungwa. Ya tatu, vimelea vya ng'ombe wa Galgalo, vilivyostahimili dawa. Walipima ili kila njia ya vimelea iwe na kiasi kile kile. Karatasi ikala samaki, ikashiba. Ikapewa damu ya mbuzi, ikaoshwa. Ikapewa kingamwili ya pili, ikaoshwa. Pembeni waliweka karatasi pacha, waliyoipa damu ya mbuzi yule yule iliyotolewa kabla hajadungwa kimeng'enya, wakati hajamjua fundi.

Walitia rangi. Karatasi ilibaki nyeupe. Ikabaki nyeupe hata Barwako akaanza kuhesabu walipokosea. Kisha kwenye njia ya kwanza kukatokea uzi. Kwenye njia ya tatu, usawa wa uzi ule, kukatokea mwingine, ukaanza kunenepa, ukanenepa, ukawa kama kamba ya kufungia ndama. Mwishowe kwenye njia ya pili ukajitokeza unywele, mwembamba, wa kuutafuta. Mistari yote mitatu ilisimama usawa mmoja, na kwingine kote karatasi ilikuwa nyeupe kama kanzu ya Idi. Karatasi pacha haikuwa na kitu hata kidogo.

"Osha!" Lois alipiga kelele. "Osha, usiiache ikolee!" Wakaiosha upesi. Halafu Lois akamnyanyua Barwako juu, miguu ikaning'inia, akamzungusha chumba kizima akiimba utenzi ambao Barwako hakuujua na ambao aliuitikia.

Daktari Shamsudin alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Subhanallah," alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwanasayansi kabla ya kufurahi, akasema, "Rudieni." Walirudia, na karatasi ikasema maneno yale yale.

Jumatano jioni Barwako alikwenda kwa mjomba wake. Ng'ombe walikuwa wameingia zizini, na mizigo ilikuwa imefungwa.

"Nina kitu," alimwambia. "Sikuahidi watasikia. Lakini nina kitu, nami siwezi kukisema mbele ya watu wale nikitafuta uso wako nisiuone."

Galgalo aliendelea kumkuna ng'ombe shingoni. Lakini mizigo haikupakiwa.

Alhamisi uwanja ulijaa kuliko mara ya kwanza, maana habari za msichana aliyepika samaki zilikuwa zimewatangulia wote. Galgalo alifika amechelewa, akasimama nyuma kabisa. Barwako alimwona. Akasimama, akaeleza kwa Kiswahili na tena kwa Kiorma: uzi, dawa inayoukata, fundi anayeuunga, kingamwili za koo nyingi zinazomkamata, kisha akainyanyua karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Mwenyekiti alisikiliza mikono ameifungia kifuani.

"Hii ni rangi tu, binti," alisema. "Nitajuaje haikunata ovyo tu?"

"Kwa sababu ya hii, mzee." Alimpa karatasi pacha. "Mbuzi ni yule yule, kazi ni ile ile, ila damu ilitolewa kabla hajamjua fundi. Tafuta rangi."

Mwenyekiti alitafuta. "Sawa. Lakini labda wao ndio waliofanya vimelea vikawa sugu, kwa kutia maji."

Uwanja ulinguruma. Barwako alingoja utulie. "Karatasi haijui ya jana, mzee, nami sitaisingizia. Sijui vilianza lini wala wapi. Inajua ya leo. Mlisema ng'ombe huyu aliponywa na dawa, kisha akaumwa upya. Angekuwa ameumwa na mbung'o wa kawaida, fundi wake angekuwa mwembamba kama huyu wa Kulesa. Tazama. Huyu amejiandaa kwa dawa yenu. Mkimdunga chupa nzima, bila tone la maji, ataunga tu. Mtu huyu hakuwapunja ng'ombe wake. Alikuwa akiwapa dawa iliyokwisha kushindwa, akawatazama wakifa, na sisi tukamcheka."

Mwenyekiti aliichukua karatasi ndani ya nailoni yake, akaigeuza kwenye jua. Zamani, kabla ya kamati na magari, alikuwa daktari wa mifugo, na kadiri alivyotazama ndivyo uso wake ulivyorudi kuwa wa daktari. Aliuliza swali moja, la pili, la tatu, na kila moja lilikuwa zuri kuliko lililotangulia. Kisha akamrudishia Barwako karatasi kwa mikono miwili.

"Lori la wiki ijayo litaleta dawa nyingine badala ya nyekundu, ile ya njano," alisema. "Panya wenu wakimaliza, mniletee majibu. Na yule mzee niliyemwambia habari za chai, yuko?" Watu waligeuka nyuma. "Mzee, nilikosea. Nilikosea mbele ya watu, basi naomba radhi mbele yao. Binti, mwambie kwa lugha yake."

Barwako aligeuka kumwelekea mjomba wake, na sauti ikakataa. Lois, aliyekuwa kando yake, aliona hali, akaruka mbele na Kiorma chake kibovu, akapaza sauti: "Mkubwa anasema yeye ndiye maji! Dawa hapana maji! Mkubwa ndiye maji!"

Watu wakayapanga maneno vichwani. Kisha uwanja ukalipuka. Wazee walishikana mabega wakicheka, wanawake wakapiga vigelegele kutoka upande wa sokoni, na mwenyekiti, alipoelezwa alivyotafsiriwa, alicheka hata akalazimika kuketi.

Walitaka kuiona karatasi. Walikuja wote, wakasukumana, na Barwako aliishika juu huku akiwaambia wasiguse.

"Huu mnene ndio gandi yetu?" Jarso, mfugaji wa upande wa Tarasaa, aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi huo ni wa kwangu. Ng'ombe wangu walidungwa mara nyingi kuliko wote."

"Wako!" mzee Sadik alimsukuma. "Wako ni ule unywele. Huo mnene umetoka kwangu, naujua."

"Unajuaje kimelea chako kwa sura?"

"Kama ninavyokujua wewe ni mwongo!"

Galgalo alikuwa amepenya hadi mbele. Watu walimpisha bila kuambiwa. Aliinama, akautazama mstari ule kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama anavyotazamwa fahali mnadani.

"Nyamazeni nyote," alisema, akanyooka. "Huo ni wangu."